Ile Video ya Matanga ya Katana

Mikindani, Mombasa

Mdogo wangu Sidi,

Nakusalimu wewe na mji wote hapo nyumbani kwetu, pamoja na walio shambani ambao hawatasikia barua hii ikisomwa. Goti lako vipi? Usiniambie halijambo, nakujua, utasema halijambo huku umeshika ukuta. Mimi nipo. Kifua kinanisumbua kwa vumbi la malori ya barabara kuu, lakini uji nanywa, na kitukuu chetu Karisa bado ananipanda mgongoni, kwa hiyo sijawa wa kutupwa.

Utauliza kwa nini barua na simu ipo. Sikutaka kukutumia sauti, Sidi. Sauti siku hizi inatembea bila mwenyewe. Karatasi itafika kwako, utasomewa, kisha utaitia sandukuni na kulikalia. Anayeandika ni mjukuu wangu Kadzo, nami nimemwapisha asipunguze neno hata likimuuma.

Wajua nilivyokuja huku. Kadzo alijifungua huyu Karisa, nikaambiwa nije nimshikie mtoto ili mama atafute kazi. Alisomea kulea watoto wadogo, na cheti chake nakilalia chini ya godoro. Mtoto nimemshika mpaka anatembea, na kazi bado. Anawafulia watu nguo hapa mtaani. Mikono yake sasa imekuwa kama yangu, naye ana umri wa kupakwa hina.

Si kwamba hatafuti. Zamani kazi ulipelekwa. Mimi nilipopata ile ya kubangua korosho, mama alinitangulia, akaketi na msimamizi, wakaulizana mji na ukoo, mpaka yule bwana akajua nikimkosea ataenda kumlalamikia nani, na yeye akinikosea atafuatwa na nani. Siku hizi Kadzo anakaa kitandani na simu. Anajieleza, anajipiga picha, anatuma, anangoja. Wengi hawajibu hata hapana. Sikujua kwamba mtu anaweza kunyimwa hodi kabla hajauona mlango.

Basi shule moja ya watoto wadogo huko Bamburi ikamjibu. Wakazungumza naye kwa simu, wakaridhika. Wakamwomba majina anayotumia mtandaoni, ati hawampi mtu watoto kabla ya kumtazama huko. Kadzo akayatoa, hana la kuficha. Akaitwa. Sketi nilimpigia pasi mimi mwenyewe.

Mwalimu mkuu alimkaribisha vizuri, akampa kiti, kisha akageuza simu yake ili Kadzo aone. Yalikuwa matanga ya kaka yetu Katana.

Wewe ulikuwapo. Mimi nilianza wimbo, wewe ukapokea, nikamvuta Kadzo katikati na hando la mama yetu, ile sketi yake ya marinda, nimemfunga kiunoni. Tukayasema yale maneno yote, machafu yake yote, kama mama alivyoyasema siku ya baba, maana mauti tunayatukana usoni yasijione makubwa. Kadzo alikatika mpaka jasho na machozi yakawa kitu kimoja. Charo, mjukuu wako, alikuwa anachukua kwa simu. Sikumkataza, nilidhani ni ya ukumbusho.

Lakini Charo aliikata. Alilitoa jeneza, ati lingewasikitisha watu. Akabakisha kizee anayetukana na msichana anayekatika, akabandika jina la Kadzo, la kwanza na la baba, na vile vikaragosi vya kucheka. Ndivyo ilivyozunguka mtandaoni.

Kadzo akasema, "Mwalimu, haya ni mazishi ya babu yangu."

Yule mama akaitazama tena, na nasikia hakuwa na ukali wowote, akauliza, "Na maiti yuko wapi?"

Kadzo akarudi nyumbani. Jioni ukaja ujumbe kwamba nafasi imejaa, na chini yake imeandikwa kwamba usijibiwe.

Hakunipigia kelele. Alivua viatu, akamnyonyesha mtoto, kisha akaniuliza mimi nyanya yake, "Hawe, kwani sisi tulikuwa tunafanya nini pale?" Ananiuliza mimi, niliyemfundisha wimbo ule kabla hajaota meno yote. Nilimweleza, Sidi, nilimweleza mpaka sauti ikakauka, lakini niliona ananisikiliza kwa masikio ya yule mwalimu.

Kesho yake nikajifunga leso nikaenda Bamburi. Nilitaka kumkalisha yule mwalimu nimweleze, maana na yeye kwao wanazika. Sikupita getini. Askari, kijana wa bara, aliniangalia akaanza kutabasamu. "Shosho, si ni wewe ule wa video? Hebu imba kidogo." Na simu ameshaitoa. Nikamuuliza kama ana nyanya. Akasema anaye, na laiti angekuwa mchangamfu kama mimi. Hakuwa na ubaya, na hilo ndilo lililonimaliza. Nikasema nataka kuonana na mwalimu mkuu kwa ajili ya kazi ya mjukuu wangu. Akasema mambo ya kazi yote yako mtandaoni, hata yeye hamjui aliyemwajiri. Nikageuka.

Tangu hapo ameomba kwingine na kwingine. Mmoja alimwambia waziwazi kwamba wameona video. Wengine kimya, na hatujui kama ni video au ni kimya chao cha kila siku. Huko kutojua kunamla kuliko kukataliwa. Amefuta ukurasa wake wote, hata picha za mtoto akiwa mchanga. Tulipompigia Charo alisema, "Hawe, watu wanakupenda, wanauliza nyingine lini."

Ndiyo sababu nakutuma. Charo anakula kwako. Mkalishe, usimuumbue mbele ya wenzake, mwambie aitoe. Najua imeshafika kwa watu tusiowajua na haitarudi yote. Aitoe hivyo hivyo.

Juzi tulikuwa tunachambua mchicha, nikamwambia Kadzo kwamba siku nikifa, wa kuanza wimbo ni yeye. Hakuinua kichwa. Akasema, "Hawe, siku hiyo mimi nitasimama mbali. Nina mtoto wa kulisha."

Hapa ameweka kalamu. Nimemwambia aishike, hajakosea. Nilikasirika, sikula, lakini nikimtazama mtoto naona hajakosea.

Sasa mwenye kusoma asome taratibu, wasikie wote. Siku yangu ikifika, Charo aketi mwanzo wa njia ya kuingilia mji na kile kikapu changu cha mahindi. Kila aingiaye, awe mchungaji, awe chifu, atie simu yake humo. Asiyetaka arudi kwake, nitazikwa bila yeye. Kikapu kikishafunikwa, mkamwite Kadzo huko mbali atakakokuwa amesimama, mumfunge hando, mniimbie yote. Msiniruke neno.

Nisalimie wifi yetu, mjane wa Katana, mwambie namwota. Msalimie binti yako mshonaji, na yule jirani anayekuchotea maji, Mungu amwongezee nguvu za mabega. Wewe lichue goti kwa mafuta ya nazi, usinitangulie.

Mimi dada yako, uliyelala naye mkeka mmoja,
Kache

Hawe Sidi, nimeandika yote kama alivyosema. Hando ninalo mimi. Sijalitupa.
Kadzo