Neno Nililolikwepa Kando ya Jeneza Lako

Baba,

Nimechoka. Nakwambia wewe kwa sababu wengine nikiwaambia nimechoka hunishauri nivute pumzi, kana kwamba kwa miaka arobaini na moja nimekuwa nikisahau kupumua.

Tangu tukuzike mwaka jana hadi Jumamosi iliyopita, Shangazi Njoki hakunisemesha. Kosa langu ni hili. Mfawidhi alitupanga watoto wako kando ya jeneza, akatupa dakika mbili mbili, na kipaza sauti kilipofika kwangu nilitaka kusema "Baba yangu." Midomo ikafungana. Nikafanya tunavyofanya wenye kigugumizi tangu utotoni: neno likigoma, tunachukua lingine lililo karibu. Nikasema "huyu mzee." Huyu mzee alitusomesha. Huyu mzee alipenda watu. Wakati wa chakula nilimsikia Shangazi, dada yako mwenyewe, akiuliza, "Ati huyu mzee? Kwani walikutana steji ya matatu?" Ningemweleza, lakini kueleza nako kunahitaji maneno, na siku ile yalikuwa yameniishia.

Hilo liliniuma kuliko hata kifo chenyewe. Nisamehe kusema hivyo.

Basi nikatafuta matibabu. Mara tatu kwa wiki, nikitoka kazini, nilipanda hadi ghorofa ya nne ya jengo moja mjini. Mtaalamu wa usemi, binti wa mtaa wa Parklands aitwaye Meera, alinivika mkanda wa mpira kichwani wenye sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi. Waya zilitoka hapo hadi kwenye kimashine kidogo, na umeme hafifu ukapita kuelekea sehemu ya ubongo inayosaidia kuongea. Hakuna kupasuliwa, hakuna sindano. Ni mwasho tu, kama sweta ya sufu shingoni. Wakati huo wote nilisoma kwa sauti, kwanza pamoja naye, halafu peke yangu. Hakunificha kwamba mambo haya bado yanachunguzwa, na kwamba mashine haitanisemea.

Ungecheka, wewe na bucha yako ya Kinoo, uliyenilisha ulimi wa mbuzi kutoka machinjio ya Dagoretti kila Ijumaa ukiapa kwamba wangu utalegea. Haukulegea, ila nilishiba. Na nilipokwama mbele ya wateja uliweka kisu chini ukasubiri. "Tuko tu," ulikuwa ukisema. Wateja nao wakalazimika kuwa tu. Nakukosa sana kwa hilo.

Kuna siku nilisoma ukurasa mzima bila kukwama, nikashuka barabarani kununua gazeti, nikanasa kwenye neno la kwanza. Nilipomlalamikia Meera alisema, "Usiruke hiyo word. Kaa nayo hadi itoke, hata kama wataboeka." Ni rahisi kusema. Siku hiyo nilifika nyumbani Mountain View nikalala na viatu.

Jumamosi iliyopita tulikusanyika kaburini kwako kwa ibada ya kutimiza mwaka. Niliomba kipaza sauti mwenyewe. Nikasema "B," na kila kitu kikasimama. "Mzee" lilikuwa pale pale, rahisi. Sikulichukua. Watoto wakaanza kucheka, mchungaji akatazama saa. Shangazi, aliyeketi mbele, akaninong'oneza kwa huruma, "Sema tu marehemu." Nikatikisa kichwa. Jasho lilinitoka hadi mgongoni. "B-b-baba yangu," nikasema. Kisha nikarudia, "Baba yangu," likatoka safi, nikarudia tena bila sababu yoyote. Hotuba niliyoipanga yote ilikwama, nikaketi.

Shangazi alisogea kwenye benchi akanipa nafasi. "Kumbe hata siku ile ni hilo neno lilikuwa linakushika," akasema. Nikaitikia kwa kichwa. Akanishika mkono hadi ibada ikaisha, na sote wawili tukalia.

Sijui kama ni umeme, ni mazoezi, au ni ukaidi nilioutoa kwako. Nilimuuliza Meera, naye alisema hajui.

Pumzika, Baba. Kigugumizi bado ninacho, na huenda nikazikwa nacho. Lakini nakuahidi: atakayeniuliza ulikuwa nani kwangu, nitamjibu kwa neno lile lile. Kama ana haraka, aende.

Mwanao,
Kariuki