Gari la Scovia

Kitale, 4 Juni 2024

Kwa Baba Scovia,

Salamu kutoka huku nyumbani. Mimi ni mzima, mama yangu ni mzima ila magoti, na mvua inatosha. Natumaini wewe na mtoto wetu hamjambo hapo Gudele, Juba.

Najua utashtuka kuona mwandiko wangu. Miaka saba tumesemezana kupitia Scovia tu, na mara mbili tulipojaribu simu unajua zilivyoisha. Kwa hiyo naandika. Prossy, yule Mganda anayeuza nguo karibu nanyi, amepita hapa kwa dada yake na amekubali kukubebea barua.

Scovia ameniambia anaenda kazini kwa bodaboda. Aliitaja hivi hivi tu, kama mtu anayesema amekunywa chai. Anavuka mji mzima asubuhi na jioni mgongoni mwa pikipiki, ili tu afike kwenye hiyo maabara. Mimi nilizika mtoto mmoja wa pikipiki. Ulimnunulia Jubek ile pikipiki na mimi nilikuwa nimekataa, na alikuwa na miaka kumi na tisa. Sitazika wa pili.

Nataka Scovia apate gari. Hata la zamani, lakini zima. Leseni anayo, uzoefu hana. Wewe umeendesha magari tangu hatujaoana na sina mtu mwingine wa kumwomba. Nitachangia.

Mama Scovia


Gudele, 19 Juni 2024

Kwa Mama Scovia,

Amani iwe kwako na kwa bibi wa watoto. Mpe pole ya magoti. Sisi tunaendelea. Mimi bado ni dereva wa shirika lile lile kule Thongpiny, macho bado yanaona mbali, mgongo ndio unaolalamika.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa ndani ya gari la kazi, nikachelewa kumchukua bosi. Malesh, samahani, hilo si la kukuambia.

Umesema kweli kuhusu pikipiki. Ulikataa, nikanunua.

Gari nitalitafuta. Kuanzia leo Scovia hapandi bodaboda. Namwacha kazini mimi mwenyewe kabla sijaingia zamu, na jioni ananisubiri. Amenuna, anasema wenzake wanamwona kama mtoto wa nasari. Mwache anune.

Niambie tu wewe unataka gari la namna gani, ili nisije nikaamua peke yangu tena.

Baba Scovia


Kitale, 8 Julai 2024

Kwa Baba Scovia,

Hujambo? Sisi hatujambo. Prossy amefika na barua yako, inanukia samaki mkavu wa njiani.

Umeniuliza nataka gari gani. Mimi sijui magari, najua mtoto wangu. Ana haraka. Akichelewa dakika tano anataka kuzirudisha njiani. Kwa hiyo usimnunulie lenye nguvu. Kaka yangu anasema achukue pikapu, nimemwambia Scovia hafugi ng'ombe. Nataka lenye mikanda inayofunga kweli, ya mbele na ya nyuma. Nataka lisilozimika katikati ya barabara likamwacha msichana peke yake na wanaume wa kulisukuma. Na likiharibika, fundi yeyote wa mtaani awe na kifaa chake.

Yeye anataka jekundu. Mwambie rangi haisimamishi gari.

Pia nina wasiwasi kwamba alijifunza huku kwetu, tunaendesha upande wa kushoto. Huko kwenu ni kulia. Kichwa kikimchanganya hata mara moja?

Mgongo wako upake mafuta ya moto kabla hujalala. Ulikuwa unasahau.

Mama Scovia


Gudele, 2 Agosti 2024

Kwa Mama Scovia,

Salamu nyingi. Mafuta nimepaka, na mgongo umesikia.

Nimeshaona magari kumi na moja. La kwanza dashibodi ilisema limetembea kidogo sana, lakini mpira wa vikanyagio umelika mpaka chuma kinang'aa, na kiti cha dereva kimebonyea kama kitanda cha hoteli. Wamerudisha namba nyuma. La pili nilifungua mlango nikaona rangi mbili ukingoni. Lilipata ajali likanyooshwa. Jingine nilichomoa kijiti cha oili, ikatoka kama chai ya maziwa. Maji yameingia kwenye injini. Muuzaji akaniambia, "Mzee, hiyo ni oili ya kisasa." Scovia alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Nimemfundisha kuangalia yote haya. Sasa yeye ndiye anayepiga magoti kwanza na kuchungulia chini, na nguo zake za kazini.

Kuhusu upande wa barabara, wasiwasi wako ni wa haki. Tunaendesha kulia lakini magari mengi hapa usukani wake uko kulia pia, kwa hiyo ukitaka kulipita lori huoni mbele mpaka umeshatoka. Kila Jumapili baada ya misa namchukua kwenye barabara tupu za Thongpiny. Nimempa sheria moja: kama huoni, baki nyuma ya lori hata saa nzima. Ana mkono mtulivu, Mama Scovia. Ameuchukua kwako.

Baba Scovia


Kitale, 25 Agosti 2024

Kwa Baba Scovia,

Nakusalimu, na safari hii sikusalimu kwa desturi tu. Nimecheka kwa ile oili ya kisasa. Nimemsomea mama, naye akacheka, kisha akaniuliza, "Kwani mmeanza kuzungumza?"

Ngoja nikuambie kitu. Kwa miaka hii yote nilikuwa na hasira mbili. Moja yako, kwa kumnunulia mtoto pikipiki. Nyingine ya Tut, yule dereva wa tangi la maji aliyemgonga. Unakumbuka alipokuja matangani na wazee wake na mbuzi, nikamfukuza, nikamwita muuaji mbele ya watu wote. Alipofungwa miezi minane niliona ni michache.

Yako imepungua. Nilidhani ni jiwe, kumbe ni kitu kinachoweza kuyeyuka. Baba yeyote anaweza kumpa mwanawe pikipiki kwa mapenzi. Ya Tut bado ninayo.

Shule ikifungwa nitakuja. Nimeshamwambia mwalimu mkuu kwamba huenda nisirudi kufundisha Januari. Nitafika na basi la tarehe ishirini Desemba. Nataka Scovia anipokee na gari lake, tuende sote watatu kaburini kwa Jubek. Baada ya hapo tutaona mimi na wewe. Usimwambie mtoto kwanza.

Mama Scovia


Gudele, 17 Septemba 2024

Kwa Mama Jubek,

Salamu. Miaka saba sijakuita kwa jina hilo, na leo sina haki ya kuliacha.

Barua yako nilikaa nayo mfukoni wiki mbili. Kila siku nilikuwa nikisema nitakujibu kwamba njoo, nyumba nitaipaka rangi. Jana kimetokea kitu na siwezi tena kukuandikia hivyo.

Tulikwenda yadi moja ya magari huko Hai Amarat. Muuzaji ni kijana wa Kiganda, anaitwa Lubega. Alikuwa na kigari chekundu, safi, na Scovia alikipenda kabla hata ya kufungua mlango. Tulipiga magoti tukachungulia, tukaangalia oili, mikanda, tarehe za matairi. Kila kitu kizuri. Nikaingia, nikawasha, nikakanyaga breki na kushikilia kama ninavyofanya siku zote. Mguu ukaanza kuzama. Polepole, mpaka chini.

Nikamwambia Lubega, "Breki hii haishiki."

Akasema, "Mzee, hicho ni kitu kidogo. Chukueni tu gari, msichana alizoee. Jumamosi fundi wangu atabadilisha."

Nilishuka, Mama Jubek. Nilikaa chini kwenye vumbi. Scovia akaniuliza, "Baba, ni breki tu, kwa nini unalia?"

Jumatatu ya wiki ile ya ajali, Jubek alinijia pale uani. Akasema, "Baba, breki ya nyuma haishiki." Nilikuwa nimechoka, nimetoka safari. Nikamwambia, "Tumia ya mbele kwanza. Jumamosi tutabadilisha." Akasema sawa. Alhamisi akaenda.

Tut alisema tangu siku ya kwanza kwamba mtoto alitokea njia panda bila kupunguza mwendo hata kidogo. Hakuna aliyemwamini. Polisi waliniuliza mimi, baba yake, mwenye pikipiki: "Ilikuwa nzima?" Nikajibu, "Nzima kabisa." Nilijibu hivyo kwa sababu wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu. Baada ya hapo kila siku ilikuwa ngumu zaidi ya jana yake. Tut akafungwa, nikanyamaza. Ukaondoka kwa sababu ya pikipiki, nami nikafikiri, afadhali aondoke kwa hilo kuliko kwa lile.

Nimemwambia Scovia jana hiyo hiyo. Amelala kwa rafiki yake.

Ungekuja Desemba bila kujua ningekuwa nimekuibia mara ya pili.

Pitia


Gudele, 29 Desemba 2024

Kwa Mama Jubek,

Natumaini mko wazima, na kwamba mama yako ameiona Krismasi.

Scovia alirudi nyumbani baada ya siku nne. Hatuongei sana, lakini anakula chakula changu. Mwezi wa kumi na moja tulipata gari, Premio ya kijivu, ya mzee mmoja aliyekuwa akienda nayo kanisani tu na kitabu chake cha matengenezo anacho chote. Scovia ndiye aliyelikagua. Mimi nilisimama kando.

Tarehe ishirini tulikwenda stendi. Sikumwambia kwa nini, ila nadhani alijua. Basi lilichelewa, tukasubiri. Watu waliposhuka wote, Scovia alipanda ndani akatazama viti hadi vya nyuma kabisa. Tarehe ishirini na moja tulikwenda tena.

Sikulaumu. Nilitaka tu ujue kwamba kulikuwa na mtu wa kukupokea.

Pitia


Kitale, 11 Machi 2025

Kwa Pitia,

Salamu. Mama yangu alifariki mwezi wa kwanza, katika usingizi. Scovia anajua, nilimwomba asikuambie kwa sababu ungekuja, nami nisingeweza kukuona.

Barua yako ya Septemba nimeisoma mara moja. Mzigo wangu ulikuwa tayari umefungwa nusu. Niliufungua nikarudisha nguo kabatini, moja moja. Sikulia siku ile. Nililia baadaye, darasani, mtoto mmoja aliponiambia kalamu yake haiandiki, nami nikamjibu asubiri kesho.

Nimejaribu kukuchukia kwa ile breki na nimeshindwa. Mtu akichoka husema Jumamosi. Hata mimi ningesema. Lakini Pitia, uliniacha nimfukuze mtu asiye na hatia na mbuzi wake. Uliniacha nimlaani kanisani miaka saba. Kila siku uliyonyamaza ulinifanya mimi kuwa mwovu bila mimi kujua. Hilo ndilo siwezi kulala nalo kitanda kimoja.

Sitarudi Juba. Usinisubiri stendi.

Ninakuomba mambo mawili. Mtafute Tut umwambie ulichoniambia, na umwambie kwamba nami naomba radhi. La pili, mtoto bado ni wetu sote. Niandikie, lakini niandikie habari za gari tu. Mengine yaache.

Mama Jubek


Gudele, 6 Aprili 2025

Kwa Mama Jubek,

Poleni sana na msiba. Hilo nimeliandika, sasa naandika ya gari.

Gari ni zima. Oili imebadilishwa wiki iliyopita, na betri ni mpya. Tairi moja ya nyuma ilipata msumari, ikazibwa siku hiyo hiyo. Breki ziko sawa. Scovia hawashi gari kabla ya kufunga mkanda, na abiria asiyefunga wake hafiki popote, kwa sababu gari haliondoki.

Jumapili iliyopita gari lilikwenda mbali kidogo, upande wa pili wa mji, kwa Tut. Ilituchukua majuma mawili kumpata. Haendeshi tena. Alipotoka kifungoni hakuna aliyempa gari, sasa anauza mkaa mbele ya nyumba yake. Scovia aliegesha kando ya magunia. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, na salamu zako nikazifikisha neno kwa neno kama ulivyoandika. Alinisikiliza akiendelea kupima mkaa wa mteja. Mteja alipoondoka, aliuliza, "Gari hili ni la nani?"

Scovia akasema, "Langu."

Tut akajipangusa mikono, akalizunguka. Akaomba kuingia. Scovia akampa ufunguo. Alikaa kwenye kiti cha dereva, akawasha, akakanyaga breki na kushikilia muda mrefu sana, akitazama mbele kama mtu aliye njiani. Kisha akazima, akashuka, akamrudishia mtoto ufunguo mkononi.

"Hii inashika," akamwambia.

Mimi hakunitazama. Aliingia ndani akafunga mlango, na hakutukaribisha. Tukapanda garini, Scovia akawasha, tukarudi. Aliendesha yeye, taratibu, nyuma ya lori la mawe njia nzima.

Baba yake Scovia