Siku ya Nne ya Hajira

Dada Mwantumu wa Misima, shikamoo.

Mimi mdogo wako ni mzima. Kazi ya reli inaumiza mabega, lakini nakula. Mahindi yenu yameota?

Unajua tangu mke wangu afariki nalaza wasafiri wanaongoja gari moshi. Sasa akida katoa amri hapa Korogwe. Mgeni alale siku tatu tu. Ya nne aondoke, isipokuwa awe ndugu wa mwenye nyumba. Ukikosea, nyumba inafungwa.

Akaja Hajira wa Sindeni, mjane, muuza tumbaku. Mvua ikabomoa daraja, gari halikuja. Siku ya nne asubuhi askari wa akida akasimama mlangoni.

"Huyu mama bado yupo! Ni nani wako?"

Nikaona nyumba inakwenda. Nikasema, "Mke wangu."

Hajira alikuwa anakoroga uji. Akageuka na mwiko. "Mke? Posa yako kapokea nani?"

Askari akacheka mpaka akashika ukuta. "Narudi Ijumaa. Nikikuta hakuna ndoa, nafunga."

Alipoondoka nikasema, "Nisamehe, mama. Niliogopa."

Hajira akasema, "Uongo umeshausema. Sasa tuma watu kwetu waulize vizuri."

Akahamia kwa jirani. Jana gari lilipita, hakupanda.

Dada, chukua mjomba, pitieni Sindeni kwa kaka yake Hajira mkaniposee. Fanyeni upesi, Ijumaa si mbali. Na hata mkisikia njiani nyumba imeshafungwa, msirudi. Niposeeni hivyo hivyo.

Ni mimi, Kibwana wako.