Kiti cha Mlangoni

Mzee Makame,

Shikamoo, kama huko bado mnaamkiana. Usicheke mwandiko. Shule niliiacha darasa la nane, baba aliposema karo za Doha ni za watoto wa mabosi, na kwa raketi hakuna kijana wa rika langu hapa anayenifikia. Yote mawili unayajua. Na Kiswahili changu bado, kama ulivyozoea kusema, ni cha mtu aliyegongwa na lori akitoka Nairobi.

Nina hasira na wewe, naanza na hiyo nisije nikaisahau. Mtu anaanguka vipi getini asubuhi, na kofia ya ulinzi kichwani, bila kumwambia mtu hata siku moja kwamba kifua kinambana? Miaka yote ile unalinda jengo la West Bay mchana, jioni unatufundisha skwoshi, halafu unaondoka kama aliyetoka kuchukua chai. Walipokupeleka uwanja wa ndege uende ukazikwe Unguja, mimi sikuja. Nilikuwa mazoezini. Kocha mpya alisema bingwa hakosi mazoezi. Aliniita bingwa, mzee! Wewe miaka mitano uliniita Mdomo tu.

Sasa sikia alichofanya huyo mtu.

Wiki ya kwanza aliondoa kiti chako. Kile cheupe cha plastiki, chenye mguu uliofungwa waya, ulichokuwa unakiweka mlangoni mwa uwanja ili mlango usijifunge. Kila ukimfundisha mtoto mmoja peke yake lazima mtu akikalie, awe mama, awe kaka, hata yule msafishaji. Mara nyingi alikaa Mama Neema, anapekua simu huku anatafuna njugu. Siku moja nilikuuliza, mzee, kwani hujiamini? Ukanijibu, "Mdomo, hata mlinzi analindwa." Nikadhani ni mzaha wa wazee.

Huyu mimi namwita Bwana Filimbi, maana anapuliza filimbi kwenye skwoshi, ndani ya kuta nne, mpaka masikio yanalia. Alisema kiti chako kinaharibu sura ya klabu. Kisha akabandika karatasi nyeusi kwenye ule ukuta wote wa kioo wa nyuma, eti watoto wasitazametazame nje. Mazoezi ya mtoto mmoja, mlango umefungwa, wazazi wangoje kwenye maegesho. Sisemi kuna kilichotokea mle ndani. Nasema hakuna ambaye angeweza kuona. Wewe tofauti hiyo ungeielewa bila kuambiwa mara mbili.

Wavulana tukapewa saa nzima. Wasichana wakapewa robo saa ya mwisho, sakafu tushailowesha kwa jasho. Halafu akaleta mizani, ile ya bafuni. Wasichana peke yao ndio wanapanda, mbele yetu sote, na yeye anasoma kilo kwa sauti kama anauza viazi.

Neema unamkumbuka. Ana miaka kumi na mitatu sasa, na ule mkono wake wa kushoto unaolaza mpira pembeni ukafia hapohapo. Ulisema atanipita, nikanuna wiki nzima. Basi alipanda mizani, Bwana Filimbi akasoma, akasema, "Hili gunia litakimbia vipi?"

Nilicheka.

Ningeweza kukuficha, uko mbali. Nilicheka mimi, kwa sauti kuliko wote, kwa sababu aliyesema ndiye aliyeniita bingwa. Neema aliteremka, akainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Akakaa ameinama hivyo mpaka tukanyamaza wenyewe.

Ijumaa mbili zilizopita tulikuwa na mashindano, na vilabu vingine vilialikwa. Asubuhi Bwana Filimbi alibandua karatasi zote, akafuta kioo kwa mkono wake mpaka kikang'aa, wageni waone. Hapo ndipo damu ilinichemka. Kumbe alijua. Siku zote alijua vizuri kabisa kioo ni cha kazi gani.

Mimi nilitolewa mechi ya kwanza. Nimesema usicheke. Kajamaa kafupi ka kutoka Al Sadd, kananifika kwapani. Ningesema jua lilinipiga machoni, ila uwanja uko ndani. Na desturi ni ileile uliyotuachia: aliyeshindwa anakwenda kukaa kwenye kiti cha juu, nyuma ya kioo, awe refa wa mechi inayofuata. Mechi iliyofuata ilikuwa ya Neema.

Seti ya mwisho, tisa kwa tisa, na wa kwanza kufika kumi na moja ndiye mshindi. Bwana Filimbi amejibandika kwenye kioo, kila mpira anapiga kelele, "Songa, gunia! Songa!" Nikatoa onyo. Akaendelea. Basi nikaikaza sauti kama marefa wakubwa, nikatangaza: utovu wa nidhamu, pointi kwa mpinzani.

Mpinzani wa nani? Kocha hachezi, mzee. Anayecheza ni Neema. Sheria niliyoikumbuka nusu ilitoka kinywani mwangu na adhabu ikamwangukia yeye. Ikawa kumi kwa tisa, yeye nyuma. Akageuka akanitazama kupitia kioo.

Ndipo nikasimama. Nikasema, "Kocha, toka ukumbini. Hakuna anayeanzisha mpira mpaka utoke."

"We nani wa kunitoa mimi?"

"Refa."

"Refa gani? Umepigwa sasa hivi na mtoto!"

"Ndiyo maana ni refa," nikamwambia. "Yalla, mlango ule pale."

Watu wakacheka, na mara hii hawakumcheka Neema. Kocha akatoka, filimbi inaning'inia shingoni. Laiti ningalifanya hivyo kabla ya ile pointi!

Neema alipoteza mpira uliofuata, na mechi ikaisha. Alimpa mwenzake mkono, akaja mpaka chini yangu kama ulivyotufundisha, akasema, "Asante, refa." Hakuinua uso. Tangu siku hiyo hajarudi.

Meneja wa klabu aliniita, nikamweleza yote, akasema maneno matupu hayamsaidii, anataka maandishi yenye jina na sahihi. Wenzangu wakaniambia, "Wachana nayo, bro, utaua timu." Bwana Filimbi mwenyewe alinibana kwenye lifti, akanikumbusha jina langu liko kwenye orodha ya kwenda kucheza Bahrain, na kwamba majina hubaki kwa watu watulivu. Bahrain, mzee. Mimi ndege nimepanda moja tu, ile iliyonileta huku.

Nikakumbuka lile daftari lako la getini. "Andika ulichoona, usiandike ulichosikia, na uweke saa." Nimeandika kurasa tatu. Kiti, karatasi, mizani, gunia. Ukurasa wa tatu niliandika kwamba nilicheka, na kwamba Neema alipoteza pointi kwa kosa langu mimi refa. Meneja alipofika hapo akasema, "Hii unaweza kuitoa, haikusaidii." Nikamwambia ikae, nayo niliiona kwa macho yangu. Nikatia sahihi, halas, imekwisha.

Bwana Filimbi amesimamishwa, bado wanauliza maswali. Wazazi wawili wamekuja kusema yao. Bahrain jina langu limefutwa, na wenzangu wakiniona wanajifanya wanafunga mifuko.

Kiti chako nimekipata. Msafishaji alikificha nyuma ya ndoo zake. Alisema cha mzee hakitupwi. Nimekifunga waya mpya, bado kinayumba. Jumanne na Alhamisi nakaa mlangoni, wadogo wanacheza, kioo kiko wazi. Jana Mama Neema alikuja kuchukua raketi ya binti yake kabatini. Akakaa kwenye kiti kwa mazoea, akafungua njugu, kisha akakumbuka akasimama. Nikamuuliza Neema hajambo. Akasema, "Hajambo. Anasema mtamcheka."

Raketi akaondoka nayo.

Ijumaa naenda kwao Al Wukair, mama yake amekubali. Naenda na wale wote waliokuwepo siku ya mizani, hata kama ni kwa kuwavuta masikio, kwa sababu nilimcheka mbele yao na msamaha nitauomba mbele yao. Akikataa kutoka nje, tutarudi kimya, na Jumanne nitakaa kwenye kiti kama kawaida. Hilo nakuahidi, na safari hii mazoezi hayatanizuia.

Pumzika, mzee. Zamu ni yangu. Ukisikia huko mtu ananiita bingwa, mrekebishe.

Mimi,
Mdomo