Mama, Nimezima Pampu Nikiwa Manyoni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimekaa kibarazani kwetu hapa Manyoni, chai imeshapoa, na bado sijapata mtu wa kumsimulia nikaridhika. Mume wangu amesikiliza mara mbili, mara ya tatu akaniomba nimwonee huruma. Basi nakusimulia wewe, ingawa huu ni mwaka wa sita tangu tukuzike.

Nilizima pampu ya kijiji chetu nikiwa kwenye kiti ofisini Manyoni. Sikuwa na ufunguo, sikugusa hata waya. Juzi nimejaribu tena, nikashindwa, na kushindwa huko ndiko kunakonifanya nicheke peke yangu kama mwehu.

Ngoja nianzie mwanzo, maana wewe hukupenda mtu anayerukaruka.

Unaikumbuka ile injini ya dizeli? Nikitoka shule nilikuwa napitia kwako kwenye nyumba ya pampu, nakukuta umejifunga kanga juu ya gauni, grisi hadi viwikoni. Ulikuwa unanishika mkono na kuuweka juu ya bomba. "Sikia inavyotetemeka. Ikibadilika hata kidogo, usingoje ikwambie kwa moshi." Nilikuwa darasa la tano, nikaujua mlio wa hewa iliyoingia kwenye bomba kabla sijaelewa hesabu za sehemu. Watu walidhani nakusaidia kazi. Kumbe mimi nasoma.

Na siku ile ya bwana wa matofali! Alikuja amevaa suti ya kaunda, akasema ametumwa na ofisi, umpe ufunguo afungulie maji yaende kwenye shimo lake la udongo, wakati foleni ya ndoo imefika barabarani. Ukamsalimia vizuri kwa Kigogo, mbukwa, ukamsogezea kigoda. Kisha ukamwuliza, "Barua iko wapi?"

"Mama, kwani hunijui?"

"Nakujua. Ndiyo maana naomba barua."

Kinamama walicheka hadi mmoja akaangusha ndoo yake. Yule bwana akaondoka anajikung'uta vumbi ambalo halikuwepo. Mimi nilikuwa nyuma yako nimeng'ang'ania gauni lako kwa woga. Wewe ulirudi kwenye injini yako kana kwamba umemfukuza kuku.

Ulipotutoka, injini ikaondolewa, zikaja paneli za jua. Baadaye likaja kasha dogo la kijivu, likafungwa ukutani, lina antena na laini ya simu ndani yake. Kasha hilo ndilo linaloongoza kila kitu: linawasha pampu, linaizima, linapima maji kwenye tenki, hata linadondosha klorini, dawa ya kuua vijidudu kwenye maji, kwa kipimo. Injinia wetu akiwa Manyoni anafungua simu yake, anaona tenki la kwetu kule chini ya mlima wa Kilimatinde limejaa kiasi gani. Tulipiga makofi, Mama. Mimi ndiye niliyelifunga kwa mikono yangu, kwa sababu nilikuwa nimeshamaliza chuo cha ufundi na mradi wa maji ulikuwa umeniajiri. Vijiji saba vikapata makasha ya aina hiyohiyo.

Miezi michache iliyopita kasha la kwetu liliungua fyuzi. Nilipolifungua nikakuta karatasi ya kiwandani, imekunjwa mara nne, imeandikwa jina la kuingilia na nywila. Nikasimama nayo pale nikijiuliza: hivi kuna mtu aliyewahi kuibadilisha? Sikutaka kujaribu peke yangu kama mwizi. Nilikwenda moja kwa moja kwa injinia.

Akacheka, si kwa ubaya. "Rehema, nani ahangaike na kisima cha huku kwetu?"

"Injinia, mtu hahitaji kuja huku. Hapo ndipo ninapoogopa."

Akaniangalia kidogo. "Haya, nionyeshe."

Tulingoja hadi tenki likaribie kujaa, ili tukiharibu watu wasikose maji. Saa nne asubuhi tukampigia Mama Yohana, yule uliyemfundisha wewe na sasa ndiye mhudumu wa pampu. Tukamwomba asimame karibu na mashine, asiguse kitu. Nikafungua kompyuta yangu, nikatumia intaneti ya simu yangu mwenyewe, nikaandika anwani ya kasha, kisha jina na nywila ya kwenye karatasi. Likafunguka! Nikaona mahali palipoandikwa zima. Nikabonyeza.

"Yesu wangu!" Mama Yohana akapiga kelele kwenye simu. "Imezima! Nani kaizima? Mimi sijagusa!"

"Ni mimi, Mama Yohana. Niko Manyoni."

Akasema, "Mwanangu, umenitisha. Sasa kama wewe unaweza, wengine je?"

Injinia alikuwa ameshasimama. Nikamfungulia ukurasa wa klorini, pale kwenye namba ya kipimo, nikamwonyesha kwamba ningeweza kuandika namba yoyote. Sikuiandika. Alinyoosha mkono, akaifunika kompyuta yangu yeye mwenyewe. "Usiguse hapo, Rehema. Tafadhali." Halafu akakaa, akasema polepole kwamba watoto wake wanakunywa maji ya kijiji kimoja kati ya vile saba.

Siku hiyohiyo tukabadilisha nywila zote. Wenzangu wakanipongeza, soda zikanunuliwa. Lakini mimi nilikuwa na kitu kinanitekenya. Nikaomba ruhusa nijaribu tena, safari hii bila nywila kabisa, nikiandika tu anwani ya ule ukurasa wa ndani. Mama, kasha halikuuliza kitu! Lilinipitisha kana kwamba linanijua. Ni kama kufunga mlango wa mbele kwa kufuli mpya kumbe nyumba haina ukuta wa nyuma. Kosa halikuwa letu peke yetu; lilikuwa limetengenezwa pamoja na kasha, na makasha ya aina hiyo yako nchi nyingi, kwenye maji, kwenye umeme, kwenye viwanda.

Nilipomweleza injinia, hakucheka. Alitoa amri laini za simu zing'olewe kwenye makasha yote saba. Nilizunguka na pikipiki siku mbili, nikang'oa moja baada ya nyingine. Wahudumu wakarudi kuwasha na kuzima kwa mkono na kuandika kwenye daftari. Mama Yohana alifurahi kuliko wote. Alikuwa ameanza kuamini kwamba kasha limekuja kumwondoa kazini.

Kisha nikakiandikia kiwanda. Usiku na mchana kamusi ya Kiingereza ikawa mkononi, nikaeleza hatua kwa hatua, nikaambatanisha picha. Wiki ikapita bila jibu, na ya pili. Kuna mwenzangu aliniambia nitangaze tu mtandaoni, dunia nzima inijue. Nakiri nilitamani. Lakini nikamwaza mhudumu mwingine kama Mama Yohana, sijui yuko nchi gani, kasha lake bado liko wazi. Nikanyamaza, nikawaandikia tena.

Wiki ya tatu jibu likaja. Wameliona kosa, ni kweli, ni kubwa, wanalitengenezea dawa. Niliruka hadi nikagonga goti kwenye meza! Baadaye wakatuma programu mpya. Tukaipakia kwenye kila kasha, na safari hii tukahakikisha makasha hayapatikani hovyo kwenye intaneti. Kuna njia yetu wenyewe iliyofungwa, na anayepita lazima ajitambulishe. Juzi injinia akaniambia, "Haya, mwizi wetu, jaribu." Nikajaribu mlango wa mbele. Nikajaribu wa nyuma. Nikatumia asubuhi nzima. Kasha likanikatalia kila mara, na kila likinikatalia ofisi nzima inashangilia.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nikuandikie leo. Kiwanda kilikuwa kinaandaa tangazo la kuwaonya wote wenye makasha hayo, na desturi yao ni kumtaja aliyegundua kosa. Wakaniuliza waandike jina gani. Kwenye vyeti vyangu vyote nina jina la baba, nawe unajua namheshimu. Lakini nilikaa na ule ujumbe muda mrefu, kisha nikawajibu waandike Rehema Sechelela.

Wakauliza kama herufi ziko sawa. Nikawaambia ziko sawa kabisa. Wakauliza pia kama jina hilo lina maana. Nikawaambia ni Kigogo, maana yake shangilia.

Tangazo limetoka leo asubuhi, Mama. Jina lako limo.

Mimi kitindamimba wako,
Rehema