Gari la Mama Lapata Viatu

2 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mjukuu wako ameota jino, anamuuma kila anayemkaribia. Magoti yako je?

Nasikia breki za nyuma za gari lako zinalia mpaka mtaa mzima unaamka. Mama, gari limezeeka, na wewe umri umesogea. Nimepata mnunuzi, nitamleta mwisho wa mwezi. Labda uzibadilishe hizo breki kwa mikono yako mwenyewe, ndipo nitanyamaza!

Kitindamimba wako

7 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yanalalamika ila hayajagoma. Mjukuu mwache aume, katoka kwangu huyo.

Ahadi ni deni. Nimeshanunua viatu vya breki, vile vya kubana gurudumu lisimame. Muuza duka kauliza ni vya nani, nikamwambia ni vyangu, anipimie. Nataka kuja kumwona mtoto kwa gari langu, sitaki kuletwa kama kifurushi. Niandikie jinsi ya kufanya, wewe si fundi?

Mamako

12 Machi

Mama,

Shikamoo. Nilikuwa natania! Lakini nakujua, basi sikiliza. Weka mawe kwenye magurudumu ya mbele. Shusha breki ya mkono, la sivyo ngoma, lile bakuli la chuma linalofunika breki, haitoki hata uiimbie. Na kubwa kuliko yote, fungua upande mmoja tu. Wa pili uache mzima, uwe mfano wa kutazama unapofunga. Zile springi hakuna binadamu anayekumbuka zilivyokaa.

Mwanao

13 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila usiulize zaidi. Barua yako haijafika, na subira sina. Nimefungua pande zote mbili ili kazi iende haraka.

Ngoma zilikataa kutoka asubuhi nzima. Nimezigonga, nimezitukana, nimeziombea. Kumbe breki ya mkono ilikuwa juu! Springi moja imeruka, nimeikuta kwenye sufuria jikoni. Nyingine zimejaa beseni, na sijui hata moja kwao ni wapi. Nimelia kidogo. Usimwambie mnunuzi.

Mamako

20 Machi

Mama!

Shikamoo. Barua zetu zimepishana. Tafadhali usiliendeshe! Jumamosi nakuja na mnunuzi, tulibebe hivyo hivyo lilivyo. Asiyekubali kushindwa si mshindani, mama.

Mwanao

Jumamosi, kikaratasi kwenye kioo cha gari

Mwanangu,

Mkeo anasema mmetoka alfajiri kuja kwangu. Basi na sisi tumepishana, kama barua zetu.

Jirani yangu, yule mwalimu mstaafu, ana gari kama langu. Nilimbembeleza afungue gurudumu moja, nikachungulia, nikachora, nikaenda kufunga springi zangu. Nikarudi kuchungulia tena mpaka akaniletea kiti. Gari langu nimelijaribu uani, kisha mteremkoni, polepole. Halilii. Mwalimu sasa anataka nimbadilishie na zake.

Ukirudi usipige honi, mtoto amelala kifuani kwangu. Ameshaniuma mara mbili. Gari ndilo hilo, kwenye kilima cha nyumba yako, halijasogea hata kidole. Mnunuzi mpe chai, maskini, katoka mbali.

Funguo ninazo mimi.

Mamako