Lori la Nne

Jumatatu, 4 Machi 1974

Ofisini River Road mapema. Chai baridi. Nimenyoosha uzi tena juu ya ramani, toka ghala letu la unga mpaka kila duka tunalolipelekea, nikaandika maili. Ndiyo mbinu niliyofunzwa kozini: unaweka maili, uzito na saa, hesabu inakuchagulia njia. Madereva wanapita dirishani wakinicheka. Wacheke.

Jumatano, 6 Machi

Jibu limetoka. Malori matatu yanatosha. La nne linamaliza saa zake kwenye vichochoro vya mtaa wa Kangemi, duka baada ya duka. Mzigo wa Kangemi ukishushwa kando ya lami, halihitajiki tena. La nne linaendeshwa na Mutua, kaka yake mke wangu. Kazi hiyo nilimtafutia mimi. Nimerudia hesabu, jibu ni lilelile. Nimefurahi, sitajidanganya. Nani sasa atasema napendelea jamaa?

Jumanne, 12 Machi

Meneja amenisifu. Akauliza nani amwambie Mutua kwamba kazi imekwisha. Nikajitolea.

Mutua alivua kofia. "Shemeji, si ungeniambia tu nyumbani?"

Nikamjibu hesabu haina shemeji. Nilipenda nilivyolisema neno hilo. Nimelirudia njiani mpaka nyumbani.

Ijumaa, 15 Machi

Mke wangu Nduku ananuna. Anapakua chakula, anaingia chumbani. Ndugu yake alikuwa akituletea unga kila Jumamosi. Nimemwambia tutanunua dukani kama watu wengine.

Alhamisi, 28 Machi

Nimekwenda Kangemi kukagua. Mvua. Magunia yamepangwa kando ya lami, safi kabisa. Wenye maduka wamekodi wachukuzi wayaingize ndani. Mmoja wao ni Mutua, gunia mgongoni, tope hadi magotini, kwenye vichochoro alivyokuwa akiingia na lori. Alinisalimia kwa heshima. Nilimwitikia kwa kichwa. Kwenye ripoti nimeandika: kufikisha mzigo madukani, gharama kwetu, sifuri. Meneja ataipenda.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimepandishwa cheo jana. Leo Mutua amefika hapa nyumbani Jamhuri kwa miguu toka Kangemi, mfuko wa unga begani. Ameutua mlangoni. "Ni wa dada." Hakutaka kuingia. Nduku alitoka kumsindikiza, hajarudi, na koti lake halipo msumarini.

Nimesonga ugali mwenyewe. Una mabonge. Nimeula hivyo hivyo, kisha nikakunjua ramani mezani, nikanyoosha uzi toka Kangemi hadi hapa. Ni mbali.